Umbo na Sauti katika Shairi la Kidenmaki "Guldhornene"

Shairi la Adam Oehlenschläger liitwalo "Guldhornene", maana yake "Pembe za Dhahabu", lilitungwa Copenhagen katika mwaka 1802, likatolewa katika diwani yake iitwayo Digte. Kitabu hicho kilitoka Desemba ya mwaka huo huo, ingawa ukurasa wake wa mbele wataja mwaka 1803. Katika historia ya fasihi ya Denmaki shairi hili huhesabiwa kuwa mlango wa zama mpya, zile ambazo wahakiki wa Kiswahili wamezoea kuziita zama za ulimbwende. Kwa sababu hiyo limesomwa zaidi kwa ajili ya fikra zake kuliko kwa ajili ya sauti zake. Fikra hizo zilikuwa za wakati wake, na nyingi zilikuwa zimekwisha kusemwa Ujerumani. Lakini namna vina vyake vinavyokwenda na kurudi ni kazi ya Oehlenschläger mwenyewe, na asiyevifuata kwa sikio hawezi kujua shairi lasema nini hasa juu ya kitu kilichopotea.

Kwanza habari ya pembe zenyewe, kwa ufupi. Mwaka 1639 msichana mmoja, Kirsten Svendsdatter, mfumaji wa lesi, alijikwaa juu ya kitu karibu na kijiji cha Gallehus, kusini mwa Jutland. Kitu hicho kilikuwa pembe ndefu ya dhahabu iliyochorwa watu, wanyama na alama nyingi. Mfalme Christian wa Nne alimpa mwanawe, naye akaifanya chombo cha kunywea. Mtaalamu Ole Worm aliandika kitabu juu yake, kikachapwa mwaka 1641 pamoja na michoro. Mwaka 1734, hatua chache tu kutoka mahali pale, mkulima Erich Lassen alikuwa akichimba udongo wa mfinyanzi akakuta pembe ya pili, fupi kidogo kuliko ya kwanza, na juu ya ukingo wake palikuwa na maandishi ya runi, yaani hati ya kale ya watu wa kaskazini. Kila pembe ilikuwa na uzito uliopita kilo 3. Wataalamu wa leo hukadiria kuwa zilifanyizwa mwanzoni mwa karne ya 5. Kama zilikuwa za kunywea katika ibada au za kupulizwa, bado hawajapatana. Msomaji anayezijua siwa za Pate na Lamu hataona ajabu kwamba pembe yaweza kuwa chombo, alama ya enzi na kitu kitakatifu kwa mara moja.

Pembe zote mbili ziliwekwa katika hazina ya Mfalme huko Copenhagen. Usiku wa tarehe 4 Mei 1802 mfua dhahabu mmoja, Niels Heidenreich, aliingia akaziiba, akaziyeyusha. Alikamatwa mwaka 1803, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1840. Katika shairi zima mwizi huyo hatajwi hata mara moja. Kwa mtungaji, walioleta pembe ni miungu ya kale, na walioziondoa ni hao hao.

Oehlenschläger wakati huo alikuwa kijana wa miaka 22. Mwaka 1800 alikuwa ameshiriki katika shindano la insha la Chuo Kikuu cha Copenhagen, ambamo waliulizwa kama ingefaa fasihi ya kaskazini itumie hadithi za miungu ya kaskazini mahali pa zile za Wayunani. Swali lilikuwa la kinadharia, na majibu yakawa ya kinadharia vilevile. Kisha katika kiangazi cha mwaka 1802 akaonana na Henrik Steffens, mwanafalsafa aliyezaliwa Stavanger, Norwei, mwaka 1773, ambaye ndiyo kwanza arudi kutoka Ujerumani alikosoma mafundisho ya Schelling. Oehlenschläger asimulia katika kumbukumbu zake, alizoziandika miaka mingi baadaye, kwamba walizungumza kwa muda wa saa 16 mfululizo, na kwamba baada ya hapo alitunga "Guldhornene". Simulizi hii yapendeza mno kiasi cha kumtia mwanahistoria shaka, kwani watungaji hupenda kuzaliwa kwa siku moja. Jambo lililo wazi ni kwamba riwaya aliyokuwa akiiandika juu ya mambo ya kale, Erik og Roller, aliiacha isitoke, na kwamba shairi jipya halikufanana na yale aliyoyatunga kabla yake.

Tofauti hiyo yaonekana kwa macho kabla haijasikika. Ukurasa wa "Guldhornene" ni mwembamba. Mishororo ni mifupi, mingine ina silabi 2 tu, mingine 3, mingine 5 au 6, na beti hazina idadi moja ya mishororo. Vina navyo havifuati mpango mmoja: mara vyaenda wawiliwawili, mara vyapishana, mara cha kwanza chajibiwa na cha nne. Mtu aliyelelewa katika kanuni za mizani ya Kiswahili, kama zilivyopangwa na Kaluta Amri Abedi katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, angeweza kulitazama shairi hili akatamka mara moja kwamba halina mizani. Hukumu hiyo ingekuwa ya haraka.

Kidenmaki ni lugha ya mkazo. Katika neno la asili mkazo huangukia zaidi silabi ya shina, ambayo mara nyingi ndiyo ya kwanza, na silabi zisizo na mkazo hufifia hadi vokali zake zikakaribia kutosikika. Kwa hiyo kipimo cha ushairi wao ni idadi ya mikazo, na silabi hafifu zilizo baina ya mikazo zaweza kuongezwa au kupunguzwa bila mshororo kuvunjika. Ubeti wa kwanza wa "Guldhornene" una mishororo 8. Ukizihesabu silabi, utapata 6, 5, 6, 6, 5, 5, 5, 6. Kwa jicho la Kiswahili hiyo ni mizani iliyopotoka. Lakini kila mshororo una mikazo 2, wala hakuna hata mmoja uliopungukiwa au kuzidi, na vina vyake vyaenda wawiliwawili kwa utaratibu kamili. Ubeti huo waeleza watu wanaotafuta habari za kale katika vitabu, katika makaburi yaliyofukuliwa, juu ya panga na ngao. Mikazo miwili miwili yasikika kama hatua za mtu apekuaye, na utaratibu ule mkali wafaa kwa kazi ya wataalamu. Kisha, ubeti unaofuata unapoanza kusema kwamba watafutaji hao wamepotea katika ukungu, mpango wa vina wabadilika: kina cha kwanza hakijibiwi na cha pili tena, changoja mpaka mshororo wa nne. Sikio lililokwisha kuzoea jibu la papo hapo laachwa likisubiri, na katika kusubiri huko lashiriki katika upotevu wa watafutaji.

Yafaa hapa kusema neno juu ya kina chenyewe, kwa sababu lugha hizi mbili hazikubaliani juu ya maana yake. Kina cha Kiswahili ni silabi nzima ya mwisho, konsonanti na vokali yake, nayo silabi hiyo haina mkazo, kwa kuwa mkazo wa Kiswahili hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Kina cha Kidenmaki huanza kwenye vokali yenye mkazo, kikaendelea hadi mwisho wa neno, na konsonanti inayoitangulia vokali hiyo sharti ibadilike. Yaani kile ambacho mshairi wa Kiswahili hukirudia, mshairi wa Kidenmaki ni lazima akitofautishe. Vina vya Kidenmaki huwa vya namna mbili: vile vinavyokwisha juu ya silabi yenye mkazo yenyewe, na vile vinavyoongeza silabi moja hafifu baada yake. Katika "Guldhornene" vina vya namna ya pili ndivyo vingi, na hulipa shairi sauti ya kuteremka, kama pumzi itolewayo polepole. Ndiyo maana vina vifupi vya namna ya kwanza vinapotokea husikika kwa nguvu.

Kati ya hivyo vifupi, viwili vyastahili kuangaliwa kwa makini kuliko vingine vyote: Guld, yaani dhahabu, na Muld, yaani udongo. Herufi d ya mwisho huandikwa tu, haitamkwi. Kwa hiyo maneno haya mawili yanatengana kwa konsonanti moja ya mwanzo. Bahati hiyo ya lugha yangeweza kuitumia mara moja mtungaji yeyote, akapita. Oehlenschläger aliitumia mara tatu, na kila mara mahali pa kitovu cha hadithi.

Mara ya kwanza ni pale msichana anapoigundua pembe. Hapa mtungaji ameacha historia: badala ya mfumaji wa lesi wa mwaka 1639 yumo mwanamwali achezaye shambani alfajiri, anayefikiri juu ya mapenzi. Maelezo ya mwendo wake yana mikazo miwili miwili myepesi, na sentensi moja yapita katika mishororo mingi bila kusimama. Kisha ghafula anajikwaa. Kitenzi cha kujikwaa, snubler, kimewekwa pamoja na kiwakilishi chake peke yao katika mshororo wa silabi 3, wenye mkazo 1 tu, nacho chakamilisha kina cha neno lenye maana ya kuwaza, grubler. Waza na kujikwaa vyafungwa kwa kina kimoja, na mshororo wenyewe unakatika pale mguu wa msichana unapokatika. Baada ya hapo anainama, na katika mishororo minne ya mwisho wa sehemu hiyo vina vifupi vinapishana: roho, udongo, mkono, dhahabu. Udongo, Muld, watangulia. Dhahabu, Guld, ndilo neno la mwisho kabisa. Sikio lasikia dhahabu ikitoka ndani ya neno la udongo.

Mara ya pili ni baada ya watu kusikia habari. Wanakuja kwa makundi, wanachimba wapate kuongeza hazina. Vina ni vile vile, lakini utaratibu umegeuzwa: sasa Guld yatangulia, katika mshororo usemao kwamba hakuna dhahabu, na Muld yafuata, katika mshororo usemao kwamba wameona udongo tu. Na mshororo wa mwisho wakumbusha, kwa maneno yatokayo katika Kitabu cha Mwanzo, kwamba udongo huo ndio walikotwaliwa. Hakuna mahubiri marefu juu ya tamaa. Kugeuzwa kwa vina kumetosha.

Mara ya tatu karne moja imepita. Mkulima analima, ng'ombe wanavuta, jembe la kukokotwa lasimama ghafula, ndege wananyamaza. Hapa tena historia imeachwa, maana Erich Lassen alikuwa akichimba udongo wala hakuwa na jembe la ng'ombe, lakini mtungaji alitaka mtu atendaye kazi ya baba zake bila kutafuta kitu. Kwake utaratibu wa vina warudi ulivyokuwa kwa msichana: Muld kwanza, Guld baadaye, safari hii katika mishororo miwili iliyofuatana bila kitu baina yao. Umbali umefupishwa. Msichana alihitaji mishororo minne na vina vilivyopishana ili afike kutoka udongo hadi dhahabu. Mkulima anafika kwa kina kimoja. Kwa hiyo yule mwenye tamaa huanza na dhahabu akaishia udongoni, na wale wawili wasiotafuta huanza udongoni wakafika dhahabu. Mtungaji hakusema hivyo popote kwa maneno. Msomaji wa Kidenmaki huenda asijue kwamba amekwisha kuambiwa. Tena yafaa kusikiliza ubeti wa kwanza kwa mara nyingine, kwani katika mishororo ya 6 na ya 8, penye maboma yaliyoliwa na udongo na mifupa iliyosagika, sauti hiyo hiyo ya muld imo ndani ya maneno muldne na smuldnede. Wataalamu wale walikuwa juu ya udongo wenyewe, nao hawakusikia.

Mfasiri wa Kiswahili angepatwa na shida kubwa hapa. Dhahabu na udongo havina kina kimoja, wala hakuna ujanja wa kuvipatanisha usioleta neno geni. Angeweza kuhifadhi maana ya kila mshororo na kupoteza hoja nzima.

Jozi ya pili ya vina ina kazi nyingine. Neno Høie, katika tahajia ya wakati ule, laweza kuwa vilima vya makaburi, na laweza pia kuwa wale walio juu au kile kilicho juu, yaani kitukufu. Kina chake ni Øie, jicho. Jozi hii yatokea mara nne. Katika ubeti wa kwanza ni vilima vilivyofukuliwa na jicho lipekualo. Baadaye kidogo, miungu inapotokea, ni watukufu waliong'arishwa, na jicho lenye mwanga wa nyota. Katika maneno ya miungu juu ya watu wachache waelewao, ni utukufu unaohisiwa katika jicho la maumbile. Na karibu na mwisho, pembe zikiwa zimewekwa zitazamwe na watu, ni utukufu usioonekana, na jicho lililofifia la mdadisi. Neno moja la macho limepita kutoka kwa mtafutaji hadi kwa miungu, likarudi likiwa limechakaa. Namna hii ya kutumia kina yafanana na ile ambayo mashairi ya Kiswahili huipenda katika kuchezea neno lenye maana mbili, ila hapa maana haichezewi katika ubeti mmoja. Imetawanywa katika shairi zima, na anayesoma beti mojamoja hataiona.

Sasa kuna jambo la umbo ambalo mhesabu mizani wa Kiswahili angelitambua upesi kuliko msomaji mwingine. Mishororo 20 ya mwisho ya "Guldhornene" haifanani na iliyotangulia. Yote ina silabi 8. Imepangwa katika beti 5 za mishororo 4, na vina vyapishana bila kukosea, vyote vikiwa vya silabi mbili. Shairi lililokuwa likikimbia, likisita na kujikwaa, ghafula lashika mwendo wa maandamano. Hapa msomaji wa tenzi asidanganyike. Ubeti wa utenzi nao una vipande vinne vya mizani minane, lakini vina vyake vitatu vya kwanza huwa kimoja, na cha nne huunganisha utenzi mzima. Tena katika Kidenmaki zile silabi 8 ni tokeo tu la mkazo: mkazo wakaa juu ya silabi ya 1, ya 3, ya 5 na ya 7, na silabi hafifu hazikuongezwa wala kupunguzwa. Kufanana huku hakuonyeshi udugu wowote wa lugha wala kuazimana. Ila sikio lililozoea tenzi ladumu kutambua kwamba hapa pana uzito ambao haukuwapo kabla.

Kwa nini mahali pale? Sehemu hiyo yaanza pale pembe zote mbili zimekwisha kupatikana na ziko mikononi mwa watu. Kabla ya hapo mambo yalikuwa ya usiku, ya upepo, ya mapambazuko, ya sauti za miungu, na mishororo iliyalingana. Sasa ni kitu kilichowekwa mahali, chenye alama juu ya pande zake, chapaswa kuheshimiwa, na kinatazamwa vibaya. Kanuni kamili ya mizani yaingia pamoja na hazina ya Mfalme. Wako wahakiki wangesema kwamba mtungaji alichoka na uhuru wake akarudi katika desturi. Maelezo hayo ni mepesi mno, kwa sababu ya neno moja litokealo mwanzoni na mwishoni mwa sehemu hiyo.

Neno hilo ni tilbage, maana yake "kurudi nyuma" au "tena mahali pake". Mara ya kwanza lilitumika mapema katika shairi, katika dua ya watafutaji: wanaziomba siku za kale zirudishe mmuliko mmoja tu, Glimt, na kina cha tilbage hapo ni Dage, siku. Dua hiyo yajibiwa mwanzoni mwa mishororo ile 20. Humo yatajwa mimuliko miwili, Glimt lile lile, na kina ni kile kile, siku za kale pamoja na tilbage: pembe zimerudi. Waliomba mmoja, wamepewa miwili. Kisha katika ubeti wa mwisho kina hicho chasikika mara ya tatu, na tilbage imo, lakini siku hazimo tena. Mahali pa Dage pamekaa brage, kitenzi cha ngurumo na kishindo cha dhoruba, na kinachorudi safari hii chawarudia miungu waliokuwa wamekitoa. Irudishwe, imerudi, imerudishwa kwao: visa vyote vya pembe vimo katika kina kimoja. Na kwa kuwa ubeti wa mwisho ni wa mizani ile ile na kina kile kile kama ubeti wa kwanza wa sehemu hiyo, mlango wafungwa kwa ufunguo ule ule uliofungulia. Kama sehemu hii ingeendelea kwa mishororo iliyolegea, mlingano huo usingesikika. Mtungaji aliihitaji kanuni ili upotevu usikike kuwa hukumu, na usisikike kama ajali ya usiku wa Mei.

Athari ya Kijerumani katika umbo hili imetajwa mara nyingi, na hasa jina la Tieck. Kwamba mishororo mifupi yenye vina visivyo na mpango ilikuwapo Ujerumani kabla ya mwaka 1802 ni kweli, na Steffens angeweza kuileta pamoja na mafundisho yake. Lakini Guld na Muld hazikutoka Ujerumani. Kijerumani kina neno la dhahabu lenye o, na neno lake la kawaida la udongo halipatani nalo kwa kina. Hoja kuu ya shairi yatokana na maneno ya Kidenmaki chenyewe, na hilo latosha kuwajibu wanaoliona kuwa mwangwi wa watu wengine.

Mabishano juu ya ushairi wa Kiswahili usiofuata vina na mizani, hasa baada ya Kichomi ya Euphrase Kezilahabi kutoka mwaka 1974, mara nyingi yaliwagawa watu katika pande mbili, wa kanuni na wa uhuru, kana kwamba hakuna njia ya tatu. "Guldhornene" ni shairi ambalo pande zote mbili zingelidai, na zote zingekosea. Lina kanuni ambayo haihesabiki kwa silabi, na pale kanuni ya silabi inapotokea ina sababu yake. Swali lifaalo kuuliza juu ya umbo la namna hii ni mkazo uko wapi na kina kinarudi lini, na si kama silabi zimetimia.

Limebaki jambo la maandishi yaliyokuwa juu ya pembe fupi. Oehlenschläger aliyajua kwa sura tu. Katika shairi ni alama za siri, na usiri huo ndio utukufu wake. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma, kwa kuwa yaliandikwa kwa runi za kale zaidi, zenye alama 24, ambazo hazikufumbuliwa mpaka miaka ya 1860, kwa juhudi hasa za Sophus Bugge wa Norwei. Pembe yenyewe ilikuwa imeyeyushwa zaidi ya miaka 60. Kilichosomwa kilikuwa mchoro, ule uliochapwa mwaka 1734, mwaka ule ule pembe ilipopatikana, katika maelezo ya Joachim Richard Paulli.

Maandishi hayo ni sentensi moja. Anayesema ni fundi mwenyewe, ajitaja kwa jina lake, Hlewagastiz, aongeza jina la nasaba au la mahali, kisha asema kwamba ndiye aliyeifanyiza pembe. Lugha yake ni ile iliyozaa lugha zote za kaskazini, Kidenmaki kikiwamo. Baada ya kiwakilishi cha mwanzo kuna maneno manne yenye mkazo: jina, nasaba, pembe, kitenzi. Matatu ya kwanza yaanza kwa sauti moja, h, na la nne laanza kwa sauti nyingine. Huo ndio mpango wenyewe wa mshororo wa kale wa jamii ya lugha za Kijerumani, kama ulivyojulikana baadaye katika tungo za Iceland na Uingereza ya kale: mikazo minne, mitatu ya kwanza yaweza kufungwa kwa sauti ya mwanzo, wa nne lazima uachwe huru. Wataalamu wengi huuhesabu kuwa mshororo wa kale kuliko yote ya aina hiyo inayojulikana, kama tukikubali kuwa fundi alikusudia kutunga. Na maneno manne yaliyopangwa hivyo kwa bahati tu ni jambo gumu kuamini.

Basi mwaka 1802 Copenhagen ilikuwa na mashairi mawili juu ya pembe ile ile, na mtungaji wa la pili hakujua habari ya la kwanza. Yote mawili yalipimwa kwa mkazo. La kwanza lilifunga maneno yake kwa sauti za mwanzo, la pili kwa sauti za mwisho, na baina yao mlikuwa na karne 14 hivi ambamo sauti ya kufungia ilihama kutoka upande mmoja wa neno kwenda upande mwingine. Neno la pembe katika sentensi ya fundi ni horna. Katika kichwa cha shairi la Oehlenschläger ni hornene, ambalo ndilo neno lile lile katika wingi wake wa Kidenmaki. Heidenreich aliyeyusha dhahabu, nayo h ya Hlewagastiz ilikuwa imekwisha kuandikwa katika karatasi miaka 68 kabla yake.